Mama kafa kwa kansa ya shingo ya kizazi, mama mdogo anaumwa. Na mie je?

Waalaykum salaam mwanangu, na poleni sana. Msiba umeshapita mwaka lakini mama hazoeleki kutokuwepo, najua.

Kwa wanaosoma nieleze kwanza alichouliza, yeye mwenyewe karidhia. Ni mama wa miaka 36, yuko Wete, Pemba, ana watoto watano. Mamaake kafariki kwa kansa ya shingo ya kizazi, alipofikishwa spitali ilikuwa imeshatambaa. Haukupita muda mama mdogo wake, ndugu wa mamaake tumbo moja, naye kakutwa nayo, saivi anavuka kwenda Dar kwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya kansa. Sasa mtaani maneno yamegawika, wengine wanasema ile damu yao, ukoo ule wanawake wote ndo mwisho wao, wengine wanasema ni hasadi, na wengine, hawa ndo wamemuumiza zaidi, wanasema ugonjwa ule unawapata wanawake wasiotulia. Mumewe ana mke mwengine Mtambwe. Binti yake ana miaka 11, imekuja karatasi ya chanjo ya kukinga kansa hii kutoka skuli, babaake hajaiweka saini. Na anamuulizia na dada yake mkubwa wa miaka 52. Swali lenyewe kaliandika hivi: "nina jeni hiyo au sina, na kuna kipimo chake?"

Haya. Kwanza tafadhali tulisome neno sawasawa, ni jeni kwa e, nimesema hivo kwa sababu kuna bibi mmoja nilimwambia "huenda ni jeni" akaenda moja kwa moja kwa mganga kulipunga, na ilimchukua miezi minne kurudi kwangu. Jeni ni maandishi madogo ndani ya mwili, umepewa nusu na mama nusu na baba, ndo yanayoamua una pua ya nani na damu grupu gani. Halina ubani wala ngoma.

Jibu la haraka ni kwamba kansa hii hairithiwi kama watu wanavyodhani. Hukuzaliwa nayo ikikusubiri ufike umri wa mamaako. Inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, katika wagonjwa 100 zaidi ya 95 chanzo ni hicho. Jeni zina sehemu yake, sikatai, ntakueleza sasa hivi, lakini ni sehemu ndogo na haifanyi kitu peke yake.

HPV ziko aina zaidi ya 200. Nyingi hazina maana, zinaleta chunjua za mikononi na miguuni, nyengine kama nambari 6 na 11 zinaleta vile vinyama vya sehemu za siri ambavyo vinatisha kwa sura lakini kansa si yao. Za hatari ni kama 14 hivi, na katika hizo wakubwa wawili, 16 na 18, peke yao wanasababisha kama 70 katika kila 100 ya kansa za shingo ya kizazi. Aliyeigundua 16 ni daktari wa Kijerumani, Harald zur Hausen, na wenzake, mwaka 1983, na 18 ikafuata mwaka uliofuata, akaja kupewa tuzo ya Nobel 2008. Kabla yake wakubwa wa fani walikuwa wanaamini ni kirusi chengine kabisa, cha malengelenge, walimkatalia muda mrefu.

Sasa kitu ambacho watu hawaambiwi, kirusi hichi karibu kila aliyewahi kuolewa au kuoa kimempitia. Ni kama mafua ya huku chini. Na katika wanawake kumi waliokipata, tisa mwili wao unakifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili bila ya dawa na bila ya yeye kujua kama alikuwa nacho, haumwi, hawashwi, hatoki chochote. Tatizo ni yule mmoja ambaye kwake hakiondoki, kinakaa mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi.

Kinakaa wapi? Shingo ya kizazi ni ule mlango baina ya uke na mfuko wa uzazi. Pale mlangoni ngozi za aina mbili zinakutana, ya nje ngumu ngumu kama ya ndani ya shavu, ya ndani laini ya ute, na pale zinapokutana seli zinabadilikabadilika muda wote tangu mtoto anabaleghe. Pale ndo kinapapenda. Kila seli ina nanga yake, protini inaitwa Rb, ili isianze kujigawa hovyo, na ina mkaguzi wake anaitwa p53, huyu kazi yake akiona chombo kina tundu anakizuia bandarini mpaka lizibwe, na likiwa halizibiki anakizamisha hapo hapo kisije kuleta balaa. Kirusi cha hatari kina protini zake mbili, E6 na E7. E7 inakata nanga. E6 inamuondosha mkaguzi. Basi chombo kinatoka kina tundu, kinaleta chengine kina matundu mawili, hicho kinaleta chengine, na hivo hivo pole pole. Pole pole kweli, mwanangu, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri safari hiyo kutoka kirusi mpaka kansa inachukua miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 mpaka 10 tu. Shika hiyo miaka, ntairejea.

Tuje kwenye jeni zako. Kuna jeni za kinga zinaitwa HLA. Zichukulie kama masinia. Kirusi kikiingia, seli inachukua kipande cha kile kirusi inakiweka kwenye sinia inakitoa nje kuwaonesha askari wa damu, yaani mgeni wetu ndo huyu, mfanyieni kazi. Sasa masinia ya kila mtu yana umbo lake, umeyarithi kwa wazee wako. Kuna watu masinia yao yanakipakua kipande cha HPV vizuri kabisa, askari wanakiona mara moja, na kuna wengine kipande kinateleza, hakikai, askari wanapita wanadhani hapana kitu. Huyu wa pili ndo kirusi kinamkalia miaka. Kwahiyo unachoweza kuwa umekirithi kwa mamaako, kama umekirithi, ni sinia.

Na kina uzito gani? Uswidi walitazama madaftari yao ya kansa ya nchi nzima, utafiti ukatoka 1999, wakakuta mwanamke ambaye mamaake mzazi au dadaake wa baba na mama alipata ugonjwa huu, yeye hatari yake ni kama mara mbili ya wengine. Lakini walichofanya cha akili ni kuwatazama na watoto wa kulea, na kwa mama mlezi na mtoto wa kulea hatari ile karibu haikuonekana kabisa. Kwa hiyo si mambo ya kuishi nyumba moja na kula chungu kimoja tu, kuna kitu kwenye damu kweli. Wanaosema "ile damu yao" hawakukosea moja kwa moja, wamekosea kipimo.

Manake mara mbili ni mara mbili ya kitu gani? Bila ya kirusi, mara mbili ya hakuna ni hakuna. Linganisha na kansa ya matiti, kule kuna jeni ya BRCA1 ambayo mwanamke akiwa amerithi ile iliyoharibika, katika kila kumi kama yeye, saba hivi wataugua kabla ya kufika miaka 80. Hiyo ndo ya kurithi hasa, na kule kipimo cha jeni kina maana. Kwa shingo ya kizazi hakuna kipimo cha jeni cha kukwambia wewe utapata wewe hutapata, mtu akikuuzia usinunue. Kuna ukoo mmoja mmoja adimu sana, wenye tatizo la jeni inaitwa STK11, wale wana madoa meusi meusi ya kibuluu kwenye midomo na ndani ya mashavu tangu watoto, na wanaota vinyama tumboni, hao wana aina yao ya kansa ya shingo ya kizazi isiyohitaji kirusi. Jiangalie midomo na ndani ya mashavu kwenye kioo, muangalie na mama mdogo. Hamna madoa? Basi hilo tumelipita.

Sasa nkwambie ninachokiona mie miaka yote niliyokaa kwenye chumba cha kupimia, na hichi hakimo kwenye jeni. Ukoo ukiwa na wagonjwa wawili watatu wa kansa hii, nikiuliza nani kati yenu aliwahi kupimwa kabla ya kuumwa, kimya. Mama hakupimwa, nyanya hakupimwa, dada anaona haya, na binti anaona kama mama hajaenda mie naendea nini. Miaka 15 mpaka 20 kirusi kinafanya kazi yake taratibu na kila mwaka kingeonekana kwa dakika tano. Nyumba yenu hicho ndo mlichorithishana zaidi kuliko sinia. Na sikusemi, mie mwenyewe nilipima mara ya kwanza nina miaka 41, na nilikuwa nishawapima wenzangu miaka sita nzima. Nilikuwa naona haya kulala kitanda kile kile mbele ya mwenzangu tunayekunywa naye chai.

Hili la "wanawake wasiotulia". Hapa nna hasira kidogo unisamehe. Chanzo chake cha kale ni kwamba 1842 kuna daktari wa Italia, Rigoni-Stern, alipekua madaftari ya vifo vya mji wa Verona, akaona masista wa kanisa karibu hawafi kwa kansa ya kizazi, wanaokufa ni wake za watu na wajane. Aliona sawa, inahusu tendo la ndoa. Lakini hebu isome tena, wake za watu. Hakusema makahaba. Kirusi hakiulizi cheti cha ndoa. Mwanamke kaolewa bikira na mume mmoja mpaka anazikwa anaweza kukipata, kwa sababu mume huenda alikuja nacho, naye hajui, alikipata miaka ishirini nyuma kabla hajakujua. Kwa mwanamme hakioneshi dalili mara nyingi na wala hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Kinakaa kimya miaka halafu kinaonekana, kwahiyo hata siku likitoka jibu lako kuwa unacho, haiwezekani kujua kilikuja lini na kwa nani. Usimkabili mumeo wala usimtupie jicho mke mwenzio wa Mtambwe. Kinachofaa ni kwamba mke mwenzio naye akapime, maana kama mume mmoja basi na kirusi kinaweza kuwa kimoja. Najua haliambiki kirahisi. Mpitishie somo lake, yaani kungwi wake, au wifi, hawa wanajua kufikisha.

Jando linasaidia, waume zetu wametahiriwa wote na hiyo imethibitika inapunguza, lakini haizuii. Kondomu pia inapunguza tu kwa kuwa kirusi kinapita kwa ngozi kugusana. Choo cha pamoja, kanga ya kuazima, bwawa, hivo usivihangaikie.

Vitu vyengine vinavyokipa nguvu kirusi kikishaingia nitavitaja haraka. Sigara, mara mbili. Uzazi mwingi, na hapa Pemba najua nasema na nani, waliofikisha uzazi saba na kuendelea wakiwa na kirusi hatari yao ni zaidi ya mara mbili ya aliyezaa mmoja au wawili. Wewe watano, basi hesabu mwenyewe. Vidonge vya uzazi vikitumiwa miaka mitano na kuendelea vinapandisha, ukiviacha inashuka na baada ya miaka kumi imerudi pale pale, lakini usiviache kwa kusoma haya kabla hujazungumza na aliyekupa. Kuanza tendo la ndoa mdogo sana, kwa ile seli za mlangoni nilizosema zinabadilikabadilika, kwa msichana mdogo ziko wazi zaidi. Na virusi vya ukimwi, mara sita. Kwetu Zanzibar ukimwi ni kidogo ukilinganisha na bara lakini si sufuri, na anayeishi navyo anatakiwa kupima shingo ya kizazi mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko sisi.

Na shabu. Mnaweka shabu, ndimu, sijui majani gani, kwa ajili ya kubana na kusafisha ndani. Udi wa kujifukiza nje na kanga sina ugomvi nao hata kidogo, nami najifukiza. Lakini cha kutia ndani kinaua vijidudu vizuri vinavyolinda uke na kinachubua ngozi, na HPV inapenda ngozi iliyochubuka. Haisafishi kirusi. Wacheni.

Kuna jambo moja la kwetu hasa ambalo daktari wa nje anaweza asilikumbuke, kichocho. Umekulia Pemba, bila shaka umevuka mito, umefua, umelima mpunga, umeoga. Mayai ya kichocho hayaendi kwenye kibofu tu na kukukojoza damu, kwa wanawake yanaweza kwenda kukaa kwenye uke na shingo ya kizazi, yanafanya mabaka kama chembe za mchanga, panatoka damu ukikutana na mume, panauma, panatoka uchafu. Dalili hizo hizo ndo za kansa, na ndo za maradhi ya zinaa. Nimeona wanawake waliotibiwa gono miaka miwili mfululizo na kusutwa majumbani kwao kumbe ni mto tu. Dawa yake ni vidonge vya praziquantel, vile wanavyopewa watoto maskulini. Kichocho kimethibitika kinaleta kansa ya kibofu, kwa shingo ya kizazi hilo halijathibitika, lakini kumbuka kukitaja ukienda: "mie nimekulia mtoni". Mpimaji akilijua hilo anatazama kwa jicho jengine. Na kinyume chake pia, usiseme "hichi kichocho tu" ukakaa nyumbani na damu. Damu baada ya tendo, damu nje ya siku zako, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha, mgongo wa chini na mguu mmoja kuvimba, hizo hazisubiri zamu ya kupima, hizo ni kesho asubuhi.

Wewe umesema huna dalili yoyote. Vizuri, huo ndo wakati wake. Nenda usipokuwa kwenye hedhi. Ukiwa umefunga na una wasiwasi na funga yako muulize sheikh wako, au subiri Ramadhani ipite, ila isipite na ya pili.

Chumbani inakuwa hivi. Utavua chini tu, juu unabaki na nguo zako, unajifunika kanga. Unalala chali magoti juu. Muuguzi anatia kidude kama mdomo wa bata, kikiwa cha chuma mwambie akipashe kidogo kwa maji ya vuguvugu, una haki hiyo, baridi yake inakera kuliko chenyewe. Anawasha taa. Anachukua pamba kubwa kwenye kijiti, anaichovya kwenye siki, ndio siki, ile ile ya achari, asidi asilimia 3 mpaka 5, anaipaka mlangoni, halafu anasubiri dakika nzima. Hiyo dakika ndo ndefu, utasikia muwasho kidogo au usisikie kitu. Seli nzima zinabaki na rangi yake ya waridi. Zilizoanza kuharibika zinageuka nyeupe, doa zito lenye ukingo, kama tui lililoganda. Linaonekana kwa macho. Unaambiwa jibu hapo hapo kabla hujashuka kitandani, huna haja ya kurudi wiki ijayo na nauli nyengine, ndo maana naipenda siki pamoja na upungufu wake. Likionekana doa dogo la kutibika, mara nyingi linatibiwa siku ile ile, kwa kugandisha kwa gesi baridi dakika kumi na kitu, au kwa kuchoma kwa joto ambako hakufiki hata dakika mbili. Haifungi kizazi. Utatokwa na maji maji wiki kadhaa na mume asubiri mwezi, na hili mwambie kabla hujaenda, nimeshaona ndoa imeyumba kwa mwezi huo mmoja ambao mtu hakuelezwa.

Doa jeupe si kansa. Nasema tena maana watu wanazimia pale. Ni seli zilizoanza safari ile ya miaka, tumezikamata bandarini.

Siki inarudiwa kila miaka mitatu. Kuna kipimo kizuri zaidi, cha kutafuta DNA ya HPV yenyewe, unaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa kijibrashi nyuma ya pazia bila kutazamwa na mtu, na kikiwa safi unapumzika miaka 5 mpaka 10. Uliza pale Wete, au Chake Chake, au hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, kama kipo siku hizo chukua hicho. Kama hakipo chukua siki. Usirudi nyumbani kusubiri kizuri zaidi.

Dada yako wa miaka 52 kwake siki haimfai sana kama ameshakoma hedhi, kwa sababu ule mpaka wa ngozi mbili umeshaingia ndani, muuguzi hauoni, na kisichoonekana hakigeuki nyeupe. Yeye aombe kipimo cha DNA au kile cha kukwangua seli na kuzitazama kwa hadubini. Asiambiwe "umri umekupita". Kama hajawahi kupimwa hata mara moja, yeye ndo wa kwanza kwenye mstari, kabla yako.

Tuje kwa binti. Chanjo ya HPV ilianza Tanzania nzima na Zanzibar ikiwemo mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14 na dozi mbili, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14, bure. Babaake anauliza kwa nini mtoto mdogo hivo achanjwe ugonjwa wa wakubwa. Swali zuri na jibu lake ni hilo hilo, kwa kuwa ni mdogo. Chanjo haifukuzi kirusi kilichokwishaingia, inazuia kisiingie, sasa ukingoja aolewe umechelewa. Surua pia tunachanja kabla haijaja. Ndani ya chanjo hakuna kirusi, kuna ganda lake tu, tupu, kama kumbi la nazi bila nazi, halina cha kuzaliana wala cha kwenda kugusa kizazi cha mtoto. Na la kwamba inafunga uzazi, Scotland walianza kuchanja mwaka 2008, walipotazama waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hawakumkuta hata mmoja mwenye kansa hii, na wanazaa kama kawaida. La dozi moja kutosha halikuletwa kwetu kwa kubahatisha, lilipimwa hapa hapa Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, na Kenya kwa wasichana wakubwa kidogo. Mkono utamuuma siku moja mbili, wengine wanapata homa kidogo au kizunguzungu, akae robo saa kabla ya kuondoka.

Mwambie babaake hivi hivi, ukiweza mpe asome mwenyewe hapa. Na huyo mtoto akifika miaka 30 naye atakuja kitandani kwetu kupima, chanjo haikamati aina zote. Kwake sinia la nyanya yake, hata kama kalirithi, halitokuwa na mgeni wa kumpakua.

Wewe chanjo haitokusaidia sana kwa umri wako na watoto watano, kwako ni kupima tu. Mama mdogo akirudi kutoka Dar na mionzi ikiisha, msimwache peke yake, mionzi ya huko chini inachosha na inakausha, na asikatishe katikati hata kama damu imekoma wiki ya pili, nimewaona waliokatisha kwa sababu nauli ya boti iliisha, jaribuni kuchangishana kabla haijafika huko.

Basi chagua siku wiki hii, mchukue na dada. Njooni na kanga mbili kila mmoja, moja ya kutandika moja ya kujifunika. Siki tunayo wenyewe.